Jibu Nililompa Daktari wa Moyo

Miaka thelathini nimesimama mbele ya ubao, na kitu kilichonipandisha hasira kuliko vyote ni mtoto anayejibu kabla swali halijaisha. Nimewachapa kwa hilo, Mungu anisamehe. Sikiliza kwanza, nilikuwa nawaambia, mdomo baadaye. Kisha siku moja, Nairobi, mbele ya daktari wa moyo, mimi mwenyewe nilijibu kabla swali halijaisha. Jibu langu lilikuwa la uongo, na mgonjwa alikuwa mdogo wangu wa kiume wa tumbo moja, aliyeniita dada.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alinunua tangawizi kwa wakulima wa kwetu Mamba, juu milimani, akaishusha kwa lori lake bovu mpaka Same, na kutoka hapo ikaenda popote palipo na watu wa kunywa chai. Ilikuwa miaka ya soko huria, mashirika yanauzwa, mitumba imejaa kila gulio, na kila mwenye miguu miwili anajiita mfanyabiashara. Yeye alikuwa mfanyabiashara kweli. Mtu wa maneno mengi, mtu wa kukutania mpaka unasahau kwamba umepunjwa kilo mbili.

Ili nieleweke lazima niseme habari za wanaume wa kwetu. Wanaume wa kwetu huanguka. Ndivyo majirani walivyosema, chinichini. Hawaugui wakalala kitandani wakaagana na watu; wanaanguka. Babu alianguka akitoka kufungua maji kwenye ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba, akiwa bado na meno yake yote. Baba mkubwa alianguka kando ya mfereji. Baba yetu alianguka mimi nikiwa chuo cha ualimu, miaka ile ya shida, mche mmoja wa sabuni unagawanywa nyumba nne. Alikuwa kwenye foleni ya sukari katika duka la ushirika. Wanasema alikuwa akitaniana na mwenzake, akasema kifua kimembana, akakaa chini, akafa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Waliomzunguka walimlaza pembeni, na mtu mmoja, kwa mazoea tu, akaweka jiwe pale alipokuwa amesimama ili nafasi yake isipotee. Jiwe lilisogezwa mbele mara mbili kabla mwingine hajapata akili ya kuliondoa.

Sisi hatukusema alianguka. Tulisema malaria.

Sababu yake ni hii. Kwetu Upareni posa haianzi na mahari, inaanza na upelelezi. Kabla barua ya posa haijaandikwa, upande wa mwanamume humtuma mtu mpole, mara nyingi mama wa makamo anayejifanya anatafuta mbegu za maharage, akapita nyumba hadi nyumba akiulizia ukoo. Wana ukoma? Wana kifafa? Wana kichaa, wana wizi, wana mkono mchafu? Wanakufaje? Hilo la mwisho ndilo lililotutia hofu. Ukoo wa watu wanaoanguka, nani atachukua binti huko aje azae wanaume wa kuanguka na kuacha wajane?

Kwa hiyo mama alitufundisha tangu utotoni, na baba alipokufa akaongeza swali la tatu. Tukikaa tunapukuchua mahindi anauliza, bila hata kuinua macho, "Babu yenu?" Tunajibu, "Uzee." "Baba yenu mkubwa?" "Aliteleza mferejini." "Baba yenu?" "Malaria." Aliyekosea alirudia peke yake mara tatu. Nimesoma chuo, nimehudhuria semina za ufundishaji zisizo na idadi, lakini sijapata kuona mwalimu aliyemzidi mama. Mpaka leo ukiniamsha ghafla ukaniuliza baba yako alikufa kwa nini, ulimi utasema malaria kabla mimi sijafika.

Kulikuwa na jambo jingine la ukoo, ila hilo tulijivunia. Nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye ule mshipa mnene unaopanda kutoka kisigino, watu wa kwetu wakishapevuka huota vinundu, vigumu, kama punje za maharage zilizowekwa chini ya ngozi. Mashangazi walikuwa wakivipapasa na kucheka: huyu ni wetu, hajaokotwa. Baba alikuwa navyo, mdogo wangu alikuwa navyo, mimi ninavyo. Hakuna aliyewahi kuvifikiria kuwa ugonjwa. Havikuuma, na kitu kisichouma mkulima hana muda nacho.

Mdogo wangu alianza kulalamika kifua msimu wa mvua za vuli. Akipanda mwinuko wa nyumbani anasimama, anafuta jasho wakati kuna baridi. Tulimpeleka Moshi. Moshi wakapima, wakatazamana, wakasema mshipa wa moyo umekuwa mwembamba, aende Nairobi, kwa sababu wakati ule huku kwetu hakukuwa na mashine ya kupitisha waya mpaka kwenye moyo. Lori likauzwa. Mama, ambaye hakuwahi kuvuka Same, akaniambia, "Nenda naye wewe, mwanangu, wewe ndiye unayejua kuongea na watu wa ofisini."

Hapa anaingia kitinda mimba wetu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mshonaji, mcheshi, na alikuwa hajaolewa. Mchumba wa kwanza, kijana wa Lembeni, alipotea katikati ya mazungumzo. Watu wake walikuja mara mbili na mara ya tatu hawakuja, wala hawakutuma neno. Sisi tukajua mpelelezi amepata alichokitafuta. Binti alilia wiki nzima, na mama akalia zaidi yake. Sasa alikuwa amepata mwingine, mtu wa Bombo, mtulivu, fundi seremala. Barua ilikuwa imeshaletwa, na mahari ilikuwa inazungumzwa. Na kaka mkubwa wa huyo bwana alikuwa anafanya kazi Nairobi.

Unaona tulikofika. Nairobi hatukuwa na mtu mwingine. Shemeji huyo alitupokea stendi, akatulaza kwake, mke wake akatupikia, na asubuhi akaomba ruhusa kazini akatupeleka hospitali mwenyewe. Mtu mstaarabu mno. Alituingiza hadi ndani ya chumba cha daktari, akakaa kiti cha tatu, kofia yake juu ya goti.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye haraka lakini si mkali. Alikuwa na fomu mbele yake. Akaniangalia mimi, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa kifua wazi anapimwa na muuguzi.

"Mama, upande wa baba yenu kuna mwanamume aliyekufa ghafla kabla ya—"

"Hapana," nikasema.

"Baba mwenyewe?"

"Malaria."

"Babu?"

"Uzee."

"Ndugu za baba?"

"Alikuwa mmoja. Aliteleza mferejini."

Nilisikia sauti yangu ikijibu, ile ya kitoto, ya kuimba kidogo, kama niko kwenye mkeka na mahindi. Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu. Shemeji alikuwa anatazama dirishani. Daktari akaandika. Kisha akampima miguu kutafuta uvimbe, vidole vyake vikagusa nyuma ya kisigino. "Na hivi?" Mdogo wangu akajibu haraka, kwa Kiswahili chake cha gulioni, "Viatu vya mtumba hivyo, daktari. Mzungu aliyevivaa kabla yangu alikuwa na mguu mdogo." Muuguzi alicheka. Daktari naye akatabasamu, akaendelea na mengine.

Walimwekea kipande cha wavu wa chuma, kifupi kuliko spiringi ya kalamu, ndani ya mshipa, ili kuushika usifunge. Kilipitishiwa kwenye paja. Siku ya pili alikuwa ameketi kitandani anauza maneno kwa wagonjwa wenzake. Daktari akampa vidonge, akamwambia mafuta katika damu yako yamezidi, punguza nyama ya mafuta. Kisha akasema, nakumbuka maneno yake: "Kwa kuwa kwenu hakuna historia mbaya, tuonane baada ya mwaka."

Tulikaa Nairobi siku tatu zaidi. Siku mbili kati ya hizo shemeji alikuwa kazini, na mimi nilikuwa peke yangu kwenye korido ile, hatua ishirini kutoka mlango wa daktari. Nilisimama mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na mgonjwa ndani. Mara ya pili hakukuwa na mtu, mlango uko wazi, daktari anakunywa chai. Nikajiambia: amekwisha kupona, wavu uko ndani, ukweli utamsaidia nini sasa? Nikajiambia shemeji anafahamiana na wauguzi, jambo litavuja. Nikamwona kitinda mimba wetu akilia tena wiki nzima. Nikarudi kukaa kwenye benchi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia darasa la tano ubaoni kila mwaka, kwa chaki nyeupe na mwandiko mzuri: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuliporudi, Mamba ilimpokea mdogo wangu kama mtu aliyefufuka. Watu walipanga mstari kumgusa kifua. Mzee mmoja akataka aelezwe chuma hicho kinakaaje ndani na hakipati kutu, na mdogo wangu akamwambia kinapakwa grisi kila Jumapili baada ya ibada. Alikodi lori la mwenzake, akaendelea na tangawizi. Mahari ikamalizika, tarehe ya harusi ikapangwa, mama akaanza kusuka mikeka. Ile miezi minne nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilijiona mwenye akili: nimemwokoa huyu na nimemwoza yule, wote wawili kwa safari moja.

Mwezi wa tano tangu turudi nilipanda kutoka Same ninakofundisha, nikatembea naye kwenda shambani. Kwenye mwinuko akainama, akasema anafunga kamba ya kiatu. Nikangoja. Alikaa pale ameinama muda mrefu, na mimi nikatazama kiatu chake. Kilikuwa kile cha kuchomeka mguu, hakina kamba.

"Kifua kimerudi," nikasema.

"Vidonda vya tumbo, dada. Pilipili za mke wangu."

"Usinidanganye. Mimi ni mwalimu."

"Na mimi nimefundishwa na nani?" Alisema akicheka, lakini hakuinuka. "Sikiliza, dada. Harusi ni wiki tano tu. Baba hayupo. Nani atamshika mkono kumwingiza kanisani? Nikirudi hospitali leo, kesho Bombo nzima imejua, keshokutwa wanakuja kuomba ng'ombe wao. Acha aolewe. Akishaolewa nakwenda, hata kwa miguu."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni mpumbavu. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa. Nikamwambia kama ni hivyo mimi mwenyewe nashuka Bombo leo leo kuwaambia kila kitu. Akanishika mkono, mkono wake wa baridi wenye jasho, akasema, "Dada, na lile la Lembeni ulilisahau?"

Nikakubali. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko hata pale Nairobi. Nairobi ulimi ulinitangulia. Kwenye mwinuko nilikuwa na akili zangu zote, nimesimama wima, nimeona kiatu kisicho na kamba, na nikasema, "Haya."

Wiki hizo tano sikulala vizuri wala sikufundisha vizuri. Nilikuwa nikimwona mtoto anasimama kujibu, naingiwa na hofu. Kila Ijumaa nilikwenda posta kupiga simu kwenye duka la Mamba, na kila Ijumaa mwenye duka alisema yupo, anapakia, anakusalimia. Nilimtumia vidonge. Nilimwombea, ingawa nilijua vizuri kwamba ninamwomba Mungu afunike kitu nilichokificha mwenyewe.

Siku ya harusi alivaa koti la kijivu. Kanisa letu liko juu, ngazi thelathini na kitu kutoka barabarani. Alizipanda akiwa amemshika bibi harusi mkono, na kila baada ya ngazi tano alisimama, anamrekebishia shela, anampangusa uso, anamnong'oneza jambo. Watu wote wakasema tazama kaka anavyompenda dada yake. Wanawake wakapiga vigelegele kila aliposimama. Mimi nilikuwa nyuma nikihesabu ngazi zilizobaki, na nilikuwa nalia, na wale walionizunguka wakanipa pole wakidhani ni furaha.

Siku ya kumi na mbili baada ya harusi alianguka gulioni, mkono mmoja kwenye gunia. Hakufa hapo. Walimlaza juu ya tangawizi wakashuka naye kwa barabara ya Kisiwani, vumbi lile, mashimo yale, wakanipitia Same na tukaendelea mpaka Moshi. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. Alipata nguvu ya kuniambia, "Sasa naweza kwenda," akajaribu kukonyeza.

Kitinda mimba wetu na mumewe walifika kesho yake asubuhi. Tulikuwa tumesimama kuzunguka kitanda wote watatu daktari alipoingia. Alikuwa kijana, pengine hata miaka thelathini hajafika. Hakuuliza kitu kwanza. Alifunua blanketi upande wa miguu, akapapasa nyuma ya visigino, akakaa kimya akivipapasa vile vinundu kimoja kimoja.

"Nani mwingine katika familia ana hivi?"

Nikamtazama mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amevaa ndala, na alikuwa akiirudisha miguu yake nyuma taratibu, uvunguni mwa kitanda, mbali na mkono wa daktari. Mumewe alikuwa ameshika chupa ya chai.

Safari hii nilingoja. Nilimwacha daktari amalize. Akauliza kuhusu baba, nikasema alianguka kwenye foleni akiwa na arobaini na sita. Akauliza kuhusu babu, nikasema alianguka. Akauliza baba mkubwa, nikasema hakuteleza, alianguka, aliokotwa ukingoni mguu wake hata haujalowa. Nilisema yote kwa sauti ya darasani, nikitazama ukuta.

Yule kijana alivuta kiti akakaa. Nampenda kwa hilo mpaka leo, kwamba alikaa. Akanieleza kwamba hivyo vinundu ni mafuta ya damu ambayo mwili unashindwa kuyaondoa, na kwamba jambo hilo hurithiwa, baba kwa mwana, mama kwa mwana, nusu ya watoto wanaweza kulipata. Mishipa ya watu kama hao huziba mapema. Kisha akasema kuna na lingine. Ule wavu wa chuma ukiwekwa, mwili unaona umejeruhiwa, unaanza kuufunika kwa nyama mpya kama kidonda kinavyofunga. Kwa mtu mmoja nyama inakuwa nyembamba, mambo yanakwisha. Kwa mwingine inazidi, mpaka mshipa unafunga tena pale pale ulipofunguliwa. Kwa nini huyu na si yule, wataalamu bado wanachunguza; kisukari kinachangia, ukubwa wa mshipa unachangia, na inaonekana vinasaba navyo vina sehemu yao, kile mtu alichozaliwa nacho. "Kwa hiyo historia ya ukoo tunaiuliza mapema," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Alipiga simu Nairobi, akanipa chombo nisikie mwenyewe. Laini ilikuwa inakatika. Yule daktari mtu mzima alinikumbuka. Hakupandisha sauti, na ningetamani angepandisha. "Mama, ungeniambia, ningemwita baada ya miezi mitatu, si mwaka. Dawa ningempa kali zaidi. Pengine hata wavu nisingeweka, ningempeleka kwa wapasuaji moja kwa moja." Nikamuuliza, basi angepona? Laini ikanguruma. "Sisemi angepona. Sijui, mama. Ninachosema ni kwamba ningejua ninachotazama."

Sasa alihitaji upasuaji, Nairobi, na hakuwa na nguvu za kufika hata Arusha. Wakasema tungoje apate nafuu kidogo. Tulingoja siku nne. Siku hizo nilimwambia Mungu achukue chochote. Nilimwambia achukue macho yangu, achukue kazi yangu, nikapanda bei kila asubuhi kama watu wa gulio. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nilikuwa nammenyea chungwa, yeye ananiambia ngozi ya chungwa nimekata nene kama mtu asiyejua njaa. Nikacheka. Nilipoinua uso alikuwa ameshakwenda.

Kwetu, mtu akizikwa, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliugua nini. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, kuandika ni kazi yangu. Mama akaniita chumbani kwake.

"Andika vidonda vya tumbo," akasema.

"Mama."

"Ameacha mabinti wawili, mwanangu. Kesho nani atakuja kuwaulizia?"

"Mama, mimi naandika moyo. Naandika wa baba pia."

Alivuta khanga akajifunika kichwa chote, kama anayejikinga na jua. Nilisoma mbele ya kaburi nilivyoandika: kwamba mdogo wangu amekufa kwa moyo, na kwamba baba alikufa kwa moyo, na babu, na baba mkubwa, na kwamba watoto wetu wote watapelekwa Moshi kupimwa damu kuanzia wiki ijayo. Watu walikuwa wengi. Niliwatafuta watu wa Bombo kwa macho. Walikuwa wamesimama pamoja, wazee na vijana, wamevua kofia. Nilingoja waondoke. Nilikuwa tayari kuwaona wanaondoka. Hawakuondoka, walichukua majembe wakasaidia kufukia.

Siku ya tatu, kabla matanga hayajaanuliwa, shemeji wa Nairobi alinifuata nikiwa nachota maji. Alitaka kuaga. Nikaona hapa hapa nimalize deni la uongo wangu.

"Shemeji, siku ile kwa daktari nilisema malaria. Nisamehe. Nilikudanganya na wewe."

Alizungusha kofia mikononi. "Hukunidanganya, shemeji. Nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba wazee wenu walianguka. Sote tulijua, kabla ya barua. Mimi nilishangaa ulivyojibu, nikasema labda hospitali huko Moshi wamewaeleza jambo jingine, nisilolijua. Na ningekusahihishaje mbele ya daktari? Ninyi wakwe zetu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Usiku ule mke wangu aliniambia rudi ukamwambie. Nikamwambia hayo si ya kwetu kuyasema."

Ndoo ilikuwa imejaa na maji yanamwagika miguuni mwangu, sikuona. Nikamuuliza nani aliwaambia. Akasema, "Muulize mdogo wako wa mwisho."

Nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya msiba kwa majivu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Nikamuuliza nikiwa nimesimama. Hakuacha kusugua.

"Ndiyo, nilimwambia mimi," akasema. "Mwezi wa kwanza tu tulipoanza kuzungumza. Nilimwambia baba, nilimwambia babu, nikavua kiatu nikamwonyesha na kisigino. Nilikuwa nimechoka kungoja mtu agundue akimbie. Nikasema akimbie mapema. Akaniambia kwao kuna kifafa, tukacheka, akaenda kuwaambia watu wake." Aliinamisha sufuria, akamwaga maji machafu, akachukua majivu mengine. "Harusi yangu haikuhitaji uongo wa mtu. Wewe na kaka mlijua miezi yote hii mnanificha nini, na mnamficha nani, na kwa ajili ya nani."

Nikasema, "Mdogo wangu, tulikuwa tunakulinda."

Ndipo alipoacha kusugua, akaniangalia.

"Hamkuniuliza, dada," akasema. "Ningewaambia siku ile ile. Kaka aliniona kila siku, wewe kila ulipopanda, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."